Picha na barua kwenye mkebe wa shosho: uanzie wapi

Swali lenyewe kwa ufupi, ili na wengine wafuate: "Habari mwalimu. Shosho (nyanya) wetu alituacha Agosti na tulipokuwa tunapanga vitu vyake kule Nyeri tukapata mkebe wa biskuti chini ya kitanda, ndani kuna picha 31 na barua 14. Barua nyingi ni za 1944 na 1945 za mtu aliyekuwa jeshini, na moja fupi sana imetoka Manyani, ile kambi ya kizuizini ya wakati wa ukoloni. Kuna kijana amevaa kofia ya jeshi hakuna mtu anamjua, na kuna picha moja mtu amekatwa na makasi akatolewa. Mjomba anataka zote zifanyiwe laminesheni zisiharibike. Mimi nakaa Umoja na mkebe niko nao hapa. Nianzie wapi?"

Pole sana kwa kumpoteza shosho, dadangu. Kabla ya kitu kingine chochote mpigie mjomba simu leo hii umwambie kwa heshima kwamba laminesheni hapana, hata moja, hata kwa ile iliyochanika. Ile mashine inatumia joto na gundi na ikishashika haitoki tena. Picha ya zamani ina ngozi nyembamba ya jelatini juu ya karatasi, joto linaipika, alafu plastiki inafungia ndani unyevu wote uliokuwa kwa karatasi. Kuna mama mmoja wa Kaloleni aliniletea picha ya harusi ya wazazi wake, ndiyo peke yake wako nayo, ilifanyiwa hivyo miaka mingi nyuma, na doa la manjano lilianzia pembeni sasa limefika kwa shingo ya bibi harusi na sijui fundi yeyote anayeweza kuifungua bila sura yote kubebwa na plastiki. Nia ya mjomba ni nzuri, mwambie njia ya kuzilinda iko na nitaifikia.

Sasa, uanzie wapi. Anza na mkebe wenyewe, kabla hujaangalia sura ya mtu yeyote. Kama bado hujatandaza kila kitu kwa meza (naomba Mungu bado), fungua kifuniko upige picha kwa juu na simu, toa ya kwanza, piga tena, endelea hivyo mpaka chini. Shosho hakurusha vitu ovyo humo ndani. Picha gani ilikuwa imekunjiwa ndani ya barua gani, zipi zilifungwa pamoja na uzi, ipi ilikuwa chini kabisa imefunikwa na kitambaa, huo mpangilio ni yeye aliuweka kwa mkono wake na ukishavurugika hakuna mtu ataweza kuurudisha. Kila kitu kipe namba, 1 mpaka 45, na kila kitu ukipige mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona ni tupu.

Na bahasha isiachane na barua yake. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nikiwa na miaka ishirini na kitu nilipanga barua za babangu kwa faili safi, nikatupa bahasha zote maana zilikuwa zimeraruka na zilinuka moshi, baadaye ndio nikagundua karibu nusu ya zile barua hazikuandikwa tarehe, tarehe zilikuwa kwa mihuri ya posta kwa zile bahasha. Mpaka leo kuna barua kumi na moja za babangu sijui ipi ilitangulia ipi.

Ukimaliza hapo, geuza picha. Watu wengi wanakazana na sura wanasahau mgongo, na mgongo wa picha ndio unaongea. Ile ya kijana mwenye kofia uliyonitumia kwa simu nimeiangalia sana jana usiku nikaikuza mpaka macho yakaniuma, acha nikuambie ninachoona. Kingo zake zimekatwa kama meno madogo ya mawimbi, huo ulikuwa mtindo wa miaka ya 30 mpaka 60 hivi. Nyuma kuna mstari katikati na nafasi ya stampu, yaani imechapwa kwa karatasi ya postikadi, studio nyingi zilikuwa zinafanya hivyo ili mtu aweze kuituma vile ilivyo. Alafu kuna muhuri wa zambarau umefifia, nasoma "...ment Road, Nairobi". Hiyo ni Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Lakini usikimbilie kusema basi ni ya ukoloni, hapo watu huteleza: jina la Government Road liliendelea hata baada ya uhuru, Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969 bado barabara iliitwa hivyo. Ingekuwa imeandikwa Delamere Avenue, ambayo ndiyo Kenyatta Avenue ya leo, ungekuwa na mpaka mzuri zaidi, na Victoria Street ilibadilika kuwa Tom Mboya Street baada ya yeye kufa. Kwa hivyo andika majina ya barabara yote unayokuta, na masanduku ya posta, lakini yasikupe jibu peke yake.

Kinachonipa jibu kwa huyu kijana ni kofia. Upande mmoja wa ukingo umekunjwa juu, hiyo ndiyo kofia ya wanajeshi wetu wa vita vya pili, kwa picha za zamani zaidi utawaona askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki) na tarbushi. Amevaa kaptura, amesimama karibu na kiti, amekishika kama mtu ambaye hajazoea kupigwa picha, na nyuma kuna pazia lililochorwa bustani. Sasa hapo kwa kofia na kwa bega kuna kitu kama beji na mimi kwa picha ya simu siwezi kuisoma. Iskani kwa dpi 1200 (hicho ni kipimo cha ukali wa skani) alafu uangalie hapo bega tu. Ukiona herufi KAR huyo alikuwa askari wa bunduki, EAASC alikuwa upande wa malori na vyakula, EAPC alikuwa kikosi cha kazi za mikono, barabara na madaraja. Hizo herufi chache ndizo zitakuambia utafute faili gani na usihangaike na gani.

Barua za 1944 na 45. Angalia kwa bahasha kama kuna herufi SEAC, hiyo ilikuwa komandi ya Asia ya Kusini Mashariki, na muhuri wa mkaguzi wa barua (censor), maana barua za askari zilisomwa na ofisa kabla ya kutoka, ndiyo sababu huwezi kupata jina la mahali ndani ya barua hata ukitafuta na tochi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanyika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, alafu kuanzia katikati ya 1944 ikapigana ikishuka bonde la Kabaw kule Burma, kwenye mvua na malaria, mpaka Desemba. Ukipanga barua za guka (babu yako, nadhani ndiye aliyeziandika) kwa tarehe za mihuri ukiziweka kando ya hiyo safari, utajua alikuwa karibu wapi alipoandika "huku mvua haiishi", hata kama yeye mwenyewe hakuruhusiwa kutaja.

Zisome kwa sauti. Hili nalisisitiza kwa sababu umesema kuna maneno huelewi. Kikuyu haina L, na mtu aliyejifunza kuandika Kiswahili akiwa mkubwa aliandika vile masikio yake yalisikia, kwa hivyo "tunarara" ni tunalala na "nawasarimu" ni nawasalimu, ukisoma na macho unakwama lakini ukisoma na mdomo inafunguka. Na usishangae barua zote kuanza karibu sawa, mimi ni mzima hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali nami, hiyo ilikuwa ndiyo adabu ya barua, habari yenyewe utaipata katikati au kwa ule mstari uliobanwa pembeni wakati karatasi imeisha. Pia usihukumu kwa mwandiko. Wengi waliandikiwa na wenzao waliosoma, kwa hivyo miandiko mitatu inaweza kuwa mtu mmoja na mwandiko mmoja ukawa watu watatu. Angalia stampu pia, ya Mfalme George wa sita yenye majina Kenya Uganda Tanganyika ni ya 1937 kuendelea, ya Malkia Elizabeth ni ya 1953 kuendelea, na zilizoandikwa Kenya peke yake zilianza siku ya uhuru 1963. Usizibandue kwa mvuke hata mtu akikuahidi pesa.

Ile ya Manyani isome mwisho, na usiisome ukiwa peke yako usiku. Najua vile inakuwa. Ni fupi kwa sababu hata huko kulikuwa na mtu wa kusoma kabla yako. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 ndiyo Nairobi ilizingirwa kwa ile oparesheni ya Anvil, watu maelfu wakachukuliwa wakapelekwa kambini, wengi Manyani na Mackinnon Road. Kama muhuri ni wa baada ya hapo, swali la kuuliza nyumbani ni guka alikuwa anakaa wapi Nairobi wakati huo, Bahati, Shauri Moyo, Pumwani, na alikuwa ameajiriwa na nani. Kuna makaratasi ya wakati huo yaliyosafirishwa kimya kimya mpaka Uingereza na serikali yao ikakubali kuwa nayo 2011, wakati wazee wetu walikuwa wameipeleka kortini, na 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa yako kwa hifadhi yao kule Kew, kwa safu inayoitwa FCO 141. Guka anaweza kukosa kutajwa kwa jina, lakini kambi yake imetajwa.

Na kuna kitu kimoja kwa swali lako kimenikaa rohoni. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja kule kwenu walihamishwa wakakusanywa vijijini, nyumba nyingi zikabomolewa ama kuchomwa, ndiyo sababu familia nyingi za Nyeri na Murang'a hazina karatasi hata moja ya kabla ya hapo. Shosho alitoka na barua za 1944 katika hiyo hali yote. Alizificha wapi? Mkebe wa biskuti unaweza kuwa wa juzi tu, uangalie chini umeandikwa nini, ukigundua ni wa miaka ya 70 basi barua zilikuwa kwa kitu kingine miaka thelathini kabla. Nani alibeba, kwa kiondo, kwa kitambaa kiunoni, zilizikwa shambani? Kuna mtu bado hai anajua hiyo hadithi, na hiyo hadithi ina thamani kwangu kuliko barua zenyewe.

Kwa hivyo twende kwa wazee, na twende haraka. Karatasi ikikaa kavu gizani itakungoja miaka hamsini mingine lakini tata (shangazi) wa miaka 88 hatakungoja, na nimezika watu watatu mwaka huu ambao nilikuwa nimepanga kuwauliza kitu "baada ya mvua". Usiweke zile picha kwa grupu ya WhatsApp ya familia kwanza. Ukiweka, wa kwanza kujibu anasema "huyo ni mjomba fulani" na kila mtu anakubali, hata wale walikuwa na shaka wananyamaza, na jibu la haraka linageuka historia. Enda kwa mmoja mmoja. Chapisha picha kubwa kwa A4, macho yao hayaoni kitu kwa simu, na wanataka kuishika. Weka simu irekodi mezani kwa ruhusa yao. Alafu usiulize huyu ni nani kama swali la kwanza, uliza hapa ni wapi, hii nguo ilinunuliwa wapi, hicho kiti kilikuwa cha nani, siku hiyo kulikuwa na nini. Mzee mmoja wa Othaya alikaa dakika kama nne kimya akiangalia viatu vya mtu kwa picha, mjukuu wake akataka kugeuza ukurasa nikamshika mkono, alafu mzee akasema hivyo viatu ni vyangu, nilimwazima, na kutoka hapo alitupa jina, kijiji, riika yake (kundi la waliotahiriwa pamoja) na sababu ya huyo mtu kwenda mjini. Kumbuka riika zilipewa majina ya mambo yaliyotokea mwaka huo, kwa hivyo mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua riika yake, na riika ina mwaka.

Wakikataa kuongea kuhusu miaka ya hatari, kubali, umshukuru, urudi siku ingine na maziwa na mkate bila kirekodi. Sisi si korti.

Kuhusu yule kijana, tumia majina. Nyumba ya Wakikuyu inajibeba yenyewe: mvulana wa kwanza anaitwa baba ya baba, wa pili baba ya mama, msichana wa kwanza mama ya baba, wa pili mama ya mama, alafu wanaofuata wanaenda kwa ndugu za baba na ndugu za mama. Andika watoto wote wa shosho kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliokufa wakiwa wadogo, ukiruka mmoja hesabu yote inaharibika. Mjomba wa tatu na wa nne wanabeba majina ya kaka za guka na kaka za shosho. Sasa tafuta hayo majina kwa barua. Kama kuna jina analibeba mjomba wako mmoja, linaonekana kwa barua za 1944, alafu linapotea kabisa kwa salamu za 1945, nadhani umeona mahali naelekea. Ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) iko na orodha kwa intaneti bure, na baadhi ya makaburi yenyewe yako hapa hapa Ngong Road, pamoja na ukuta wa majina ya waliopotea. Tarehe 12 Februari 1944 peke yake meli Khedive Ismail ilizama karibu na Maldives ikiwa imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, watu 1,297 wakafa. Unapotafuta jaribu kuandika jina kwa njia zote, makarani wa jeshi walikuwa wanaandika vile wamesikia.

Makanisa yanasaidia kuliko watu wanavyofikiria. Kitabu cha ubatizo cha Katoliki kinataja wazazi na msimamizi, na mara nyingi ndoa inaongezwa pembeni baadaye. Nyeri mara nyingi ni Wakatoliki wa Consolata ama Wapresbiteri wa Tumutumu, muulize mamako shosho alikuwa wapi. Na angalia barua zinamwitaje: umeniambia kuna zinamwita jina la nyumbani na zingine Esther, basi za Esther ni za baada ya ubatizo, na ukipata tarehe kanisani umeshapanga hata zile hazina bahasha.

Baada ya hayo yote ndio uende National Archives pale Moi Avenue, lile jengo la nguzo lililokuwa benki zamani. Wengi wanaanza huko, wanapotea kwa makatalogi siku tatu wanakata tamaa. Wewe ukienda na wilaya, mwaka na jina la chifu utaomba ripoti za DC (mkuu wa wilaya) wa Nyeri za mwaka ule ule na utapewa. Beba kitambulisho na penseli, ada yao ni kidogo. Kenya Gazette pia, lile gazeti rasmi la serikali, iko kwa intaneti, matangazo ya urithi yanataja marehemu, mahali alikufa na anayeomba ni nani wake. Hapo nikuonye: soma barua zote mwenyewe mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu yeyote. Barua za zamani zina shamba ndani, na zina watoto ambao hawakutajwa. Kama kuna kesi ya ardhi inaendelea kwenu, kaa na mamako kwanza.

Kuzihifadhi ni rahisi, mjomba atafurahi. Bahasha za karatasi nyeupe isiyo na asidi, moja kwa kila picha, namba kwa penseli juu ya bahasha na si kwa picha. Selotepu hapana, albamu za kunata hapana. Sanduku likae kabati la chumba cha katikati, mbali na mabati ya juu na mbali na sinki. Kama kuna picha imeshikana na kioo cha fremu usiivute, iskani hivyo hivyo kupitia kioo. Skani zote kwa dpi 600 na uweke kopi tatu, moja iwe kwa mtu haishi nyumba yako. Na zile programu za kusafisha sura na kutia rangi, tumia kama watoto wanapenda, lakini zitie alama kwamba zimetengenezwa, maana mashine ikikosa kuona jicho inachora jicho la mtu mwingine, na baada ya miaka kumi familia italia mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Sasa ile iliyokatwa na makasi. Usimuulize mtu yeyote bado kwa nini. Iangalie vizuri kwanza: kwa ile uliyonitumia aliyetolewa ameacha mkono wake kwa bega la shosho, vidole vinne, na kuna saa. Makasi yalizunguka huo mkono pole pole yakauacha, mtu mwenye hasira tu angekata moja kwa moja. Studio mara nyingi zilitoa kopi zaidi ya moja, kwa hivyo kuna uwezekano picha nzima iko kwa ukuta wa nyumba nyingine, na nyumba hiyo haina sababu ya kuikata. Pitia zile picha 30 zilizobaki ukitafuta hiyo saa kwa mkono wa mtu yeyote, anza na yule kijana wa kofia, mkono wa kushoto, ule ameshika kiti. Kwa picha ya simu naona kitu hapo kwa kifundo cha mkono lakini sina uhakika kama ni saa ama ni kivuli. Ukishaiskani nitumie hapo tu, na ya makasi pia, mbele na nyuma.